Umri wa Mti Kabla ya Bei ya Kitanda

Wengi wetu tuna jamaa waliohamia Eldoret kwa biashara au masomo, na baadhi yao wamepanga Langas. Kijana anapooa huko, kitanda na kabati huagizwa kwa fundi seremala wa mtaani. Bei hujadiliwa, rangi huchaguliwa, nakshi za kichwani husifiwa. Umri wa mti haumo katika mazungumzo.

Nasi twaliona hilo kuwa swali zito kuliko yote. Mbao nyingi za nyanda zile ni za saipresi na msonobari, miti ya kupandwa, kama iliyoko upande wa Kaptagat. Saipresi ya kupasuliwa mbao huhitaji miaka ipatayo 30 ikomae. Serikali ilipopiga marufuku ukataji katika misitu ya umma Februari 2018, miti ya mashamba ya watu binafsi haikuhusika. Mahitaji ya mbao yalibaki palepale, na mwenye shamba aliyebanwa na karo alishawishika kuuza mti kabla ya wakati wake. Kuondolewa kwa marufuku kulitangazwa Julai 2023. Mazoea ya kukata mapema hayaondolewi kwa tangazo.

Mti mchanga kiini chake ni chembamba. Sehemu kubwa ya ubao wake ni ile nyeupe ya nje, ambayo wadudu huipenda. Na ukipigiliwa misumari ungali mbichi, hupinda na kuachana maungioni. Baada ya miaka michache kitanda hutupwa, kingine huagizwa, mti mwingine huanguka. Unafuu gani huo, jamani?

Wazee wetu wa Lamu walijenga kwa boriti za mikoko, na upana wa chumba ukafuata urefu wa boriti. Hata hivyo tusijisifu mno: mikoko hiyo hiyo ilikatwa na kupakiwa majahazini kwenda Ghuba, hadi Kenya ikazuia kuiuza ng'ambo mwaka 1982.

Basi anayeagiza samani Langas amwulize fundi mbao zimetoka wapi na zimekauka kwa muda gani. Mbao za msituni husafirishwa kwa kibali cha Shirika la Huduma za Misitu. Kuomba kukiona si kumtuhumu mtu. Akiambiwa angoje mwezi zaidi, angoje, na atoe arubuni ili kungoja huko kusimlaze fundi na njaa. Na lile kabati la mvule la marehemu bibi, lililotupwa uani kwa kuvunjika mguu mmoja, lipelekwe kwa fundi likatiwe mguu.