"Vita Si Yetu": Neno Ambalo Halijalinda Mutu

Wandugu vijana wa Burungu, Kitchanga, Mweso na Walikale, na nyinyi wote ambao vita iliwasukuma mpaka Goma,

Kuna neno tunalisikia kila siku, Birere, Katindo, Majengo: "Hii vita si yetu. Ni mambo ya wakubwa. Itapita." Tunaelewa juu ya nini watu wanasema vile. Mutu aliyekimbia mara tatu na godoro kichwani hana tena nguvu ya kubishana. Lakini leo tunasema wazi: neno hilo halilindi mutu, na babu zetu walikwisha kulipa bei yake.

Turudi nyuma kidogo, juu shuleni walitupitisha haraka.

Mwaka 1885, serkali 14 zilitia sahihi karatasi kule Berlin. Ndani yake iliandikwa kwamba inchi za bonde la Congo zinaweza kukaa nje ya vita za wazungu. Mwaka ule ule Leopold akatangaza kwamba Congo yake haiko upande wa mutu. Ndani ya chumba kile hakukuwa Muhunde, hakukuwa Munyanga, hakukuwa Mukongomani hata mumoja. Tuliambiwa hatuna upande na watu ambao hawakutuuliza.

Agosti 1914 vita ikawaka Ulaya. Ubelgiji yenyewe ilikuwa na karatasi yake ya kutokuwa na upande, ya tangu 1839. Tarehe 4 Agosti askari wa Ujerumani wakaikanyaga. Siku zile za kwanza Brussels ilijaribu bado kuomba vita isifike Congo. Tarehe 8 Waingereza wakapiga mizinga Dar es Salaam. Tarehe 22, meli ya Wajerumani ikapiga Lukuga, pale leo tunaita Kalemie. Mwezi wa 9 wakachukua kisiwa cha Idjwi. Karatasi ya Berlin haikufika hata wiki tatu.

Na nani alibeba vita hiyo? Njo swali letu. Maofisa wa Force Publique walikuwa wazungu, askari walikuwa weusi, na nyuma yao wabeba-mizigo wapata 260,000. Risasi, chakula, mizinga, vyote vilienda juu ya vichwa vya watu. Mei 1916 Kigali ikachukuliwa, tarehe 19 Septemba Tabora. Wengi hawakurudi. Hakuna mutu aliyewauliza kama vita ilikuwa yao.

Faida ilienda wapi? Ubelgiji ilipewa Rwanda na Burundi. Kiisha, tangu 1937, utawala wake ukatoa familia Rwanda, ukazileta huku Masisi, Gishari, juu ya udongo na kazi ya mashamba. Wenyeji hawakuwa na neno. Mambo yalikwisha kuamuliwa ofisini.

Tusikosee hapa. Hatusemi hivi ili mutu amunyooshee jirani kidole. Mujukuu wa yule aliyeletwa na mujukuu wa yule aliyekutwa, wote wawili ni watoto wa uamuzi wa ofisi moja. Anayewatuma wapigane anaendeleza kazi ya ofisi ile.

Sasa tuangalie leo. Tarehe 23 Machi 2009 serkali ilifanya mapatano na waasi, wakaingia jeshini na vyeo vyao. Mwaka 2012 wakatoka, wakajiita M23, wakachukua Goma. Mwaka 2013 wakashindwa. Mwisho wa 2021 wakarudi: Bunagana Juni 2022, Kitchanga Januari 2023, Goma Januari 2025, Bukavu Februari, na Machi wakafika Walikale. Rwanda iko nyuma yao. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika hivyo mara nyingi. Burundi ikaleta askari. Afrika ya Kusini, Tanzania na Malawi nao wakaleta. Kila mumoja anasema anajilinda, sawa vile 1914. Na serkali ya Kinshasa ikawabatiza Wazalendo makundi ambayo jana ilikuwa inayaomba yaweke bunduki chini.

Na wewe kijana wa Burungu usiye na upande? Kwenye bariyera moja wanakudai jetoni. Kwenye ingine wanakubebesha sanduku la risasi. Ukikataa, uko adui. Ukibeba, uko adui wa wale wengine. Basi mubeba-mizigo wa 1916 ametoka wapi na wewe uko wapi?

Wengine watajibu: "Kama ni vile, chukua bunduki." Hapana. Babu zetu hawakukosa bunduki. Force Publique iliwapa. Walikosa sauti pale mambo yanaamuliwa. Berlin, Nairobi, Luanda, Washington, Doha: meza inabadilisha muji, sisi tunabakia inje. Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa Congo na Rwanda walitia sahihi Washington, na huku milimani bunduki zikaendelea kulia.

Kwa hiyo tunadai, kwa pande zote bila kuchagua:

Kubebesha raia mizigo ya vita na kuingiza watoto jeshini kukome leo, si kiisha mazungumzo.

Kila mapatano yasomwe kwa Kiswahili, mbele ya wanainchi, mbele ya sahihi. Amani ambayo mama wa Kitchanga hawezi kuisoma si yake.

Hakuna cheo kwa aliyeua raia. Vyeo vya 2009 vilituletea vita ya 2012. Hatutaki kulipa tena deni lile lile.

Na wewe unayesoma hii kwenye simu, uko na kazi. Audio ya chuki ikifika, iishie kwako. Jambo likitokea, andika tarehe, mahali na vile ilivyokuwa, uweke salama, na usitoe inje jina la shahidi. Wabeba-mizigo wa 1916 walipotea juu hakuna mutu wao aliyeandika. Sisi tunajua kuandika.

Kutokuwa na upande wa bunduki, ndiyo. Kukaa kimya, hapana. Vita si yetu, lakini inchi ni yetu.