Udongo Usihukumiwe kwa Wingi Wake

Tangu mafuta yalipogunduliwa kando ya Ziwa Albert mwaka 2006, wanafunzi wa hapa Uganda hupenda kubishana juu ya idadi ya mapipa. Ni wachache waulizao habari za jiwe lenyewe. Mafuta hayakai chini ya ardhi kama maji katika birika. Yamo katika vitundu vidogo mno vya jiwe la mchanga, na mara nyingi mchanga huo umechanganyika na udongo wa mfinyanzi.

Basi husemwa: udongo ukiwa mwingi, jiwe ni bovu, ukiwa kidogo, jiwe ni jema. Mimi sikubali. Yafaa tuulize kwanza ni udongo gani, na umekaa wapi.

Tazameni ilaiti. Huota ndani ya vitundu kama nyuzi za buibui. Kwa uzito ni kidogo, lakini mafuta hupita kwa shida. Tena ni mdanganyifu. Katika Bahari ya Kaskazini, vipande vya mwamba vilipokaushwa hewani kabla ya kupimwa, nyuzi hizo zililala ukutani, na kipimo kikaonyesha kwamba jiwe lapitisha vizuri kuliko lilivyo huko chini. Na mtu ajenge mtambo baharini kwa kipimo cha namna hiyo!

Kloraiti ni kinyume. Huko Louisiana, Marekani, mchanga wa Tuscaloosa uko zaidi ya mita 5,500 chini, mahali ambapo kwa kawaida madini ya kwatzi huota juu ya chembe za mchanga na kujaza nafasi. Lakini kloraiti imezivika chembe hizo koti jembamba, kwatzi ikakosa pa kushika, na sehemu nyingine za jiwe bado zina nafasi kupita asilimia 20. Hapo udongo ndio mlinzi. Walakini fundi asiyeujua akimimina asidi kisimani ili kukisafisha, chuma kilichomo katika kloraiti huyeyuka, kisha huganda kama uji na kuziba njia.

Smektaiti nayo hunywa maji yasiyo na chumvi ikavimba; ndiyo sababu wachimbaji hutia chumvi ya potasiamu.

Ningependa wanafunzi watie udongo wa mfinyanzi katika chupa mbili, moja ya maji matupu na moja ya maji ya chumvi, wazitikise, kisha watazame ni wapi udongo hutulia upesi. Haihitaji fedha yo yote.