Mgongo Hautulizwi kwa Godoro

Mtu akijishika kiuno mbele za watu, ushauri hauchelewi kumfikia. Hapa nazungumzia maumivu ya mgongo wa chini yaliyopita miezi 3, si ya jana baada ya kubeba gunia.

"Lala, upumzike." Mwaka 1986 Richard Deyo na wenzake, Marekani, waliwagawa wagonjwa 203: hawa waliambiwa walale siku 2, wale siku 7. Wa siku 7 hawakupata nafuu ya ziada. Walichozidisha ni siku za kukosekana kazini. Na wengi wao maumivu yao yalikuwa bado mapya! Kama kitanda kilishindwa na maumivu ya wiki, kitayaweza ya miaka?

"Picha imeonyesha pingili zimesagika, mazoezi yatazimaliza." Neno hili limewalaza watu wengi. Uchambuzi wa mwaka 2015, uliojumlisha picha za watu 3,110 wasiolalamikia mgongo, ulikadiria kuwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 wana diski za kati ya pingili zilizochakaa, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Uchakavu peke yake ungetosha kumlaza mtu, wazee wasingeonekana shambani.

"Nikifanya mazoezi naumia, basi najiharibu." Hofu hii naielewa. Lakini maumivu yakikaa sana, mishipa ya fahamu huwa kama mbwa mlinzi anayembwekea hata mwenye nyumba. Kubweka si ushahidi kwamba mwizi ameingia. Anayeweza kutembea dakika 5 aanze na hizo 5, aongeze kidogo kidogo. Maumivu yakipanda kiasi kisha yakatulia kufikia kesho yake, aendelee. Yakikataa kutulia, apunguze kipimo, asiache.

"Nalima kutwa, mazoezi ya nini tena?" Hoja ya wanavijiji, na si ya kuchekwa. Tofauti ni kwamba jembe hufuata ukubwa wa shamba na mvua ilivyo. Mazoezi tiba hufuata uwezo wa mwili wa siku hiyo. Aliyeinama kwa saa 5 hajajifunza kujinyoosha, wala kuimarisha tumbo na makalio.

"Vaa mkanda." Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya Desemba 2023 haiupendekezi. Inapendekeza mazoezi.

Kuna dai jingine, na hili ni la upande wangu: eti mazoezi yanamaliza kila kitu, hasa yale ya mwalimu fulani. Hapana. Mapitio ya mtandao wa watafiti wa Cochrane ya mwaka 2021, yaliyokusanya majaribio 249, yalikuta kwamba wanaofanya mazoezi hupunguza maumivu kwa takriban alama 15 kati ya 100 kuliko wasiotibiwa, wanaopata huduma ya kawaida au tiba bandia. Ni nafuu ya wastani. Kwa mtu aliyekuwa hawezi kuinama kufunga viatu, mimi siidharau. Na zoezi bora ni lile utakalolirudia wiki ijayo.

Wapo ambao sibishani nao. Anayeshindwa kuzuia mkojo au haja, anayekufa ganzi mapajani kwa ndani na sehemu za siri, au ambaye mguu unalegea, huyo awahi hospitali leo hii. Mwenye homa au anayekonda bila sababu naye apimwe kwanza: kifua kikuu hukaa hata kwenye uti wa mgongo.