Kengele ya Misheni na Ubao wa Chuoni

Kila mwaka shule zinapokaribia kufunguliwa, swali moja hurudi katika baraza zetu za Mombasa, Malindi na Lamu. Je, yafaa mzazi wa Kiislamu ampeleke mwanawe wa kiume katika shule ya bweni ya Wakatoliki? Mmoja husema mtoto atakwenda wetu na kurudi wa watu. Mwingine hujibu kwamba shule zile zafunza, na mtoto asiyesoma hatakuwa wa manufaa kwa yeyote. Kahawa humalizika, baraza huvunjika, na swali hubaki pale pale.

Sisi twaonelea kwamba ubishi huu haumaliziki kwa sababu wengi wetu twaijadili shule tusiyoijua. Twaujua msalaba ulio juu ya lango, lakini hatujui mtoto afanyalo nyuma ya lango hilo tangu alfajiri mpaka usiku. Basi leo natuingie ndani tutazame.

Tuchukue mfano mmoja wa bara, ulio mbali na bahari lakini ulio wazi, kwa kuwa mwanafunzi wake mmoja alikuja kujulikana na nchi nzima. Wamisheni wa Consolata kutoka Italia waliingia nchi ya Wakikuyu mwaka 1902, wakajenga misheni nyingi, na mojawapo ni Mathari, pale Nyeri. Kati ya 1944 na 1946, Mwai Kibaki alisoma shule ya Mathari, darasa la nne hadi la sita. Hayo ndiyo madarasa ambayo mtaala wetu wa sasa wayaita ngazi ya juu ya shule ya msingi.

Yaliyompata huko yafaa kuzingatiwa. Pamoja na hesabu na kusoma, alifunzwa useremala na uashi. Madawati yakivunjika, wanafunzi ndio waliotengeneza. Majengo yakihitaji kukarabatiwa, wao ndio waliotafuta vifaa. Kila mwanafunzi alitakiwa alime chakula chake mwenyewe. Shule zilipofungwa, kijana huyo alifanya kazi ya kondakta katika mabasi ya Othaya African Bus Union ili apate senti za ziada. Kutoka hapo alikwenda Mang'u, kisha Makerere, na mwisho Ikulu. Mtoto yule aliyesoma kwa kushika jembe ndiye Rais ambaye serikali yake, mnamo Januari 2003, iliondoa karo katika shule za msingi za umma, na watoto zaidi ya milioni moja wakaingia madarasani.

Hatusemi hivi ili kuisifu misheni, bali ili kuonyesha jinsi siku yake ilivyopangwa. Katika shule za namna hii kengele hulia kabla ya jua. Watoto huamka, huoga, husali, hufagia, kisha huingia darasani. Mchana hula, jioni hufanya kazi ya shamba au hucheza mpira, na usiku hurudi vitabuni mpaka kengele ya kulala. Mwalimu hayuko mbali, kwani naye hukaa hapo hapo shuleni. Mtoto akikosa somo, atakutana na mwalimu wake shambani, na akikosa adabu shambani, habari itamtangulia darasani.

Hata hivyo, lazima tuseme kweli yote. Wazee wetu hawakuziogopa shule hizi bure. Shule ilikuwa mlango wa kanisa, na wenyewe hawakuficha neno hilo. Katekisimu ilifundishwa pamoja na alifabeti, na ubatizo ulikuja na jina jipya. Hata huyo Kibaki wamisheni wa Kitaliano walimbatiza kwa jina la Emilio. Kwa mzazi wa Pwani ambaye jina la mwanawe ni la babu yake, na la babu ni la sahaba wa Mtume (S.A.W.), kubadilishwa jina hakukuwa jambo dogo. Tena viboko vilikuwa vingi, na desturi za wazazi wa watoto mara nyingi ziliitwa ushenzi.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa la serikali ya kikoloni. Ilitoza watu kodi, lakini kazi ya kumsomesha Mwafrika iliwaachia wamisheni kwa sehemu kubwa. Shule za serikali nazo ziligawanywa kwa rangi na kabila. Hapa Mombasa shule ya serikali ya Waarabu ilifunguliwa mwaka 1912, na jina lake lenyewe lilimwambia mtoto wa Kidigo au wa Kigiriama kwamba hakuandaliwa yeye. Hivyo Mwislamu wengi wetu tumjuaye aliwekwa baina ya mambo mawili: apeleke mwanawe misheni, au amweke nyumbani. Wengi waliwaweka nyumbani, na hasara yake twaiona hata leo.

Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki 1947 akiwa Kadhi Mkuu, aliiona hasara hiyo mapema. Katika magazeti yake, Sahifa la mwaka 1930 na Al-Islah la mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu washike elimu ya dini yao bila kuikimbia elimu ya dunia, na wajenge shule zao badala ya kulalamikia za wenzao. Maneno hayo yamepita miaka tisini, na hayajachakaa.

Ajabu ni kwamba mengi ya yale tunayoyasifu katika shule ya misheni yalikuwa kwetu kabla ya misheni kufika. Nani kati ya wazee wetu hakukaa chuoni na ubao wake, kalamu ya utete na wino wa masizi? Chuoni mtoto hakusoma kwa mdomo peke yake. Alichota maji, aliokota kuni, alifagia uwanja wa mwalimu. Mwalimu alimjua kwa jina, akamjua na babake. Hakuruhusiwa kusonga mbele mpaka sura aliyopewa ikae moyoni. Siku ya khitima mtaa mzima ulijua kwamba mwana wa fulani amemaliza. Neno "kuhitimu", ambalo leo latumika katika vyuo vikuu vyote vya Kenya, shina lake ni lile lile la khitima.

Basi kazi ya mikono, mwalimu aliye karibu, na siku iliyopangwa kwa saa si mali ya Wakatoliki. Wao waliviweka pamoja na hesabu, sayansi na lugha. Sisi tuliviacha chuoni peke yake, na tulipokwenda shule ya serikali hatukuvichukua.

Kuna wasemao kwamba kusomeshwa na asiyekuwa wa dini yetu kwatosha kumharibu mtoto. Hao tungewakumbusha kisa cha Badr, katika mwaka wa pili wa Hijra. Yasimuliwa katika sira kwamba mateka wa Kikureshi waliojua kuandika, na ambao hawakuwa na mali ya kujikombolea, waliachiliwa kwa sharti kila mmoja awafundishe watoto kumi wa Madina. Walimu hao hawakuwa Waislamu, na siku chache zilizopita walikuwa wameshika panga. Lakini watoto wale walisoma wakiwa katika mji wao, chini ya macho ya wazee wao, na hakuna aliyewabadilisha jina. Hapo pana mafundisho mawili: elimu yaweza kuchukuliwa kwa yeyote, na mlinzi wa mtoto haondoki mlangoni.

Mlinzi huyo leo ana nguvu asizokuwa nazo babu zetu. Tangu Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 shule nyingi za misheni zimekuwa za umma, na kanisa limebaki mdhamini. Katiba ya 2010, kifungu cha 32, yakataza mtu kulazimishwa kufanya jambo lililo kinyume cha dini yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yampa mdhamini nafasi ya kukuza mambo ya kiroho, lakini yamtaka alinde dini za wengine. Kwa hiyo mzazi asiandikishe mtoto akiwa ameinamisha kichwa. Aulize kwanza: shule hii ni ya umma au ya kanisa lenyewe? Mwanangu atalazimishwa kuingia Misa? Ijumaa ataruhusiwa kwenda msikitini? Ramadhani atapata daku na futari? Yuko mwalimu wa somo la dini ya Kiislamu?

Nao walimu wakuu na mapadri twawaomba wasilione jambo hili kuwa ukaidi. Kengele ya bweni na adhana ya alfajiri hukaribiana kwa saa. Kijana anayeamka kusali hamchelewi mwalimu wake. Chumba kimoja kilicho safi, maji ya kutawadha na ruhusa ya nusu saa havibomoi shule yoyote. Mvulana anayeheshimiwa imani yake akiwa na miaka kumi na mmoja hatasahau alikoheshimiwa.

Lakini neno letu la mwisho ni kwetu wenyewe. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na mtaala mpya wamtaka mtoto wa gredi ya nne hadi ya sita ajifunze kilimo na lishe pamoja na sanaa, mambo ambayo wavulana wa Mathari waliyafanya kwa jembe na randa miaka themanini iliyopita. Mlango umefunguliwa upya kwa wote. Tunayo misikiti yenye waqfu, wafanyabiashara wakarimu, na walimu vijana wasio na kazi. Shule ya wavulana yenye bweni, bustani, karakana, darasa la hesabu na msala wa swala haizidi uwezo wa mji kama Mombasa.

Siku shule za namna hiyo zitakapotutosha, swali la barazani litakwisha lenyewe. Mpaka siku hiyo, anayempeleka mwanawe kwa Wakatoliki asilaumiwe, na anayemzuia asijione amemaliza wajibu wake. Kumzuia mtoto na shule moja bila kumpa nyingine si kumlinda.