Vijana wa Majengo na Kazi ya Mwituni

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Majengo ya Pumwani na Shauri Moyo mpaka Buruburu na Dandora, mzazi akiambiwa kwamba mwanawe amepata kazi ya miezi michache ya kulinda wanyama mwituni, mara nyingi huguna. Mtoto amesomeshwa, husema, leo akalale na simba? Wengine huiona kazi hiyo kuwa ya watu wa bara ya mbali, isiyomfaa kijana wa mjini, wala Mwislamu aliyelelewa katika ada za pwani. Sisi tunasema fikira hii haina msingi, na kuendelea nayo ni hasara kwetu wenyewe.

Historia yaikana. Nairobi ilipokuwa changa, mwanzoni mwa karne ya 20, watu waliotoka pwani na misafara walijenga vijiji vyao hapo. Kimoja kiliitwa Pangani, kingine kiliitwa Mombasa. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilianzisha Pumwani na kuanza kuvivunja vijiji vile. Pangani nayo ikabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na Shauri Moyo ikajengwa kwa ajili ya waliohamishwa. Basi Majengo tunayoijua leo ni mtoto wa misafara, na Kiswahili chake kilitokana na wasafiri hao.

Na misafara ilikuwa kazi ya msimu. Wapagazi, wapishi na wachukuzi wa bunduki waliingia porini wakati wa kiangazi, wakarudi na mshahara mkononi. Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alipokuja kuwinda mwaka 1909, yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama zaidi ya 500, na mizigo yao ilibebwa vichwani na wapagazi, wengi wao Waswahili. Vitabu vilimsifu mwenye bunduki. Aliyejua njia, maji na unyayo wa mnyama hakutajwa ila kwa nadra. Lakini elimu ilikuwa yake.

Msimu huo ulifungwa Mei 1977, serikali ya Kenya ilipopiga marufuku uwindaji. Mwaka uliofuata biashara ya pembe na ngozi nayo ikakatazwa. Hata hivyo majangili hawakusikia. Mwaka 1973 ndovu wa Kenya walikisiwa kuwa 167,000. Kufika 1989 walikuwa wamebaki kiasi cha 16,000 tu. Julai mwaka huo Rais Moi aliwasha moto tani 12 za pembe katika Mbuga ya Nairobi, na baadaye Shirika la Wanyamapori likaanza kazi. Hesabu ya taifa ya mwaka 2021 ilikuta ndovu 36,280. Ongezeko hilo halikushuka kama mvua. Lilitokana na watu waliolala nje, wakatembea kwa miguu, na baadhi yao wakazikwa.

Msomaji atauliza, kwa nini kiangazi ndiyo wakati wa kazi kubwa? Kwa sababu maji yakikauka, wanyama wote hukusanyika penye visima na mito michache iliyobaki, na jangili naye huwangojea papo hapo. Nyasi zikikauka, cheche moja huunguza maili na maili. Ndovu mwenye kiu huvunja ua wa mkulima. Mlinzi basi hufanya doria alfajiri, hutegua mitego ya nyaya, hufuata nyayo, huzima moto na huwarudisha ndovu bila kuwadhuru. Katika ukame wa mwaka 2022, baina ya Februari na Oktoba, Kenya ilipoteza ndovu 205. Anayefanya kazi kama hii hawezi kuitwa mtu aliyekosa kazi. Wahenga walisema, kazi mbi si mchezo mwema. Nasi twaongeza kwamba kazi hii si mbi hata kidogo.

Wala si ngeni katika dini. Sayyidna Umar bin Khattab alipotenga ardhi ya malisho na kukataza isiingiliwe ovyo, alimweka mlinzi, jina lake Hunayy. Alimwamuru awe mpole kwa watu, aiogope dua ya aliyedhulumiwa, amwachie mwenye ngamia wachache na kondoo wachache aingie, na awazuie matajiri wenye makundi makubwa, hata wakiwa masahaba wenye majina. Sababu yake ilikuwa wazi: tajiri mifugo yake ikifa ana mashamba ya kumpa chakula, bali maskini atakuja kulia na watoto wake. Ulinzi wa pori, basi, kwanza ni uadilifu kwa watu.

Na hapa ndipo penye swali zito. Kijana wa Majengo akienda Tsavo au Dodori, je, hamnyang'anyi mwenyeji riziki yake? Mwaweer wa msitu wa Boni na Mmasai wa Amboseli wanaijua nchi yao kuliko mtu yeyote, nao ndio wanaobeba hasara ndovu akiingia shambani. Haki yao itangulie katika kazi za hifadhi za jamii, na kijana wa mjini asiende huko kwa ukubwa wa cheti chake. Lakini Shirika la Wanyamapori huajiri kutoka nchi nzima na kuwafunza askari wake Manyani, kando ya ile barabara ambayo mabasi ya Nairobi na Mombasa hupita kila siku. Mlango huo ni wa wote. Yafaa matangazo yake yafike misikitini na katika mabaraza ya mitaa ya mashariki kwa wakati, kijana asiyasikie siku imekwisha pita.

Kuhusu kazi za muda, sauti yetu ni moja. Mkataba uandikwe. Mshahara ulipwe mwisho wa mwezi. Bima iwepo kabla ya mtu kukanyaga pori, si baada ya kujeruhiwa na nyati. Mwajiri asiyeweza haya asijifiche nyuma ya mapenzi ya wanyama.

Faida yake itarudi mpaka pwani, na watu wengi hawalijui jambo hili. Mto Nairobi hupita kando ya Gikomba na Majengo, ukafika Dandora penye jaa la taka lililofunguliwa katika miaka ya 1970, kisha humwagika katika mto Athi. Athi ukikutana na mto Tsavo huitwa Galana, maji wanayokunywa ndovu wa Tsavo Mashariki. Galana ukikaribia bahari huitwa Sabaki, nao humimina karibu na Malindi. Takataka itupwayo Gikomba leo ina njia ya kufika kwenye wavu wa mvuvi wetu.

Kijana aliyekaa msimu mmoja ukingoni mwa Galana, akaona mnyama anavyotegemea tope lililobaki, hatarudi Majengo akautazama mto ule kama mtaro. Atakuwa amejua unakokwenda. Mtu kama huyo ana thamani katika mtaa kuliko mikutano kumi ya usafi. Basi wazazi wasimkatize tamaa. Wamfungie nguo zake, wamwombee dua, na akirudi wamkalishe barazani awaeleze wadogo zake aliyoyaona, kama walivyofanya wazee wa misafara zamani.