Nyoka Aombapo Yai



Wiki hii tunaomba mtuvumilie, kwa maana tunataka kutafakari juu ya kiumbe ambaye wengi wetu hatupendi hata kusikia akitajwa, yaani nyoka. Hatumzungumzii yule wa bustani ya Edeni, ambaye mahubiri yake mmekwisha kuyasikia mara nyingi. Tunamzungumzia nyoka wa kawaida, mdogo, mwembamba kama kidole, aliyekamatwa shambani, akatiwa ndani ya sanduku, kisha akakataa kula.

Suala hili lililetwa kwetu na vijana wa mojawapo ya jumuiya zetu ndogo ndogo. Walimkuta nyoka huyo karibu na banda la kuku, na badala ya kumponda kichwa kama ilivyo desturi yetu, wakamhurumia na kumfuga. Walimpa kitoto cha panya, akakataa. Walimpa panzi, mende, dagaa na vipande vya nyama, vyote akavikataa. Wiki ya sita ikapita. Wazee wakasema auawe mara moja. Vijana wakauliza wafanye nini ili apone. Msimamo wetu tuutaje mapema, ili msomaji ajue tunakoelekea: mtu asiyejua kiumbe fulani anakula nini, hana haki ya kumfungia. Na huruma isiyojishughulisha kumjua anayehurumiwa ni nusu ya huruma.

Mtaalamu wa wanyamapori aliyemtazama alisema bila kusita kwamba ni nyoka mla mayai. Nyoka wa aina hii wapo sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, na pwani yetu ya Afrika Mashariki ina aina yake. Hawana sumu. Meno yao ni madogo mno, karibu hayapo. Lakini Mwenyezi Mungu hakuwaacha bila kinga: akitishwa, nyoka huyu hujikunja kama kiatu cha farasi, akasuguanisha magamba ya ubavuni hata yakatoa sauti ya kufoka, akapanua kinywa chake cheusi na kujirusha mbele kana kwamba anauma. Rangi na madoa yake hufanana na ya baadhi ya nyoka wenye sumu kali. Kwa hiyo ujanja huo unaomwokoa na mwewe humponza mbele ya mwanadamu, maana sisi tukiona kitu kinachofanana na hatari, hutafuta fimbo.

Ulaji wake ni wa ajabu. Hali kitu kingine maisha yake yote isipokuwa mayai ya ndege. Hutoka usiku, akalinusa yai, na kwa pua yake hulitambua lililooza akaliacha. Akipata zuri, taya zake hutanuka, na kichwa kidogo kama ncha ya kidole humeza yai lililokizidi ukubwa mara tatu au zaidi. Yai likifika shingoni, vijino vya mfupa vilivyochomoza kutoka katika pingili za uti wa mgongo hulipasua. Ute na kiini hushuka tumboni. Ganda hubanwa, kisha hutemwa likiwa limekunjamana kama karatasi iliyofinyangwa mkononi. Ndege wasipotaga, yeye hufunga. Anaweza kukaa miezi bila chakula akingoja majira ya viota, nasi tunaolalamikia Kwaresima ya siku arobaini tuna la kujifunza hapo.

Sasa ndugu wasomaji wanaweza kuuona ugumu. Panya, panzi na dagaa wale si chakula kwake, na wala hakuwa mgonjwa alipovikataa. Vijana wetu walikuwa wakimwandalia karamu ya mawe. Bwana wetu, katika Injili ya Luka sura ya 11, aliwahi kutaja samaki, nyoka, yai na nge katika fundisho moja, akieleza kwamba baba hampi mwanawe kitu cha kumdhuru pale anapoomba chakula. Safari hii ni nyoka mwenyewe anayeomba yai, na sisi, pamoja na wema wetu wote, tunampa kila kitu isipokuwa yai.

Mtu atasema: basi apewe yai la kuku, jambo limekwisha. La hasha. Nyoka mkubwa wa jamii hii aweza kulimeza yai dogo la kuku, lakini mdogo hawezi kabisa. Huyo anahitaji mayai ya ndege wadogo kama chiriku, na akiwa amekua kiasi, mayai ya kware. Heri mayai ya kware, ambayo mwaka 2013 na 2014 yalivuma mno huko Kenya, kwani bado wapo wafugaji wanaoyauza. Lakini hata hayo yana masharti. Yawe mabichi, mapya, yasiyopasuka. Yasioshwe, kwa kuwa nyoka huyu hula kwa kuongozwa na harufu, na yai lililosuguliwa kwa sabuni halimwambii lolote. Wafugaji wazoefu hulisugua kwa unyoya au kwa majani ya kiota ili linuke ndege tena.

Kisha kuna hofu. Kiumbe aliyezaliwa porini hajui kwamba mkono unaomshika ni wa rafiki. Kila anapofunuliwa ili majirani wamwone, kila anaponyanyuliwa ili apigwe picha, yeye huhesabu kwamba amekamatwa upya, na mwenye hofu hali. Kwa hiyo, aliyekwisha kuwa naye nyumbani ampe sanduku lenye hewa na kifuniko imara, upande mmoja wenye joto zaidi kuliko mwingine, mahali pawili pa kujificha, na maji safi siku zote. Asimshikeshike. Alaze yai ndani jioni, aondoke, asirudi kuchungulia hadi asubuhi. Likikataliwa, aliondoe, angoje wiki nzima, ajaribu tena. Kutokula kwa wiki kadhaa peke yake kusimtie hofu. Dalili za kutisha ni uti wa mgongo kuchomoza kama ukingo wa kisu, ngozi kuingia mikunjo, au nyoka kuhema kinywa wazi. Hapo atafutwe daktari wa mifugo anayewajua watambaazi, kwa maana wa porini mara nyingi hubeba minyoo na kupe. Na mtu asijaribu kumshindilia chakula kwa nguvu; shingo ile nyembamba huumia upesi.

Haya yote tumeyaeleza kwa urefu kwa kusudi moja. Tazameni kazi iliyomo katika kumlisha kiumbe mmoja mwembamba kama kidole! Mithali yetu husema, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nasi tunathubutu kuongeza kwamba hata mwenye huruma hamjui mwenye njaa, mpaka aulize. Vijana wetu hawakukosa moyo mwema. Walikosa kuuliza kabla ya kufunga kifuniko. Nao hawako peke yao katika hilo. Mara ngapi tumemchukua mama mzee kijijini, tukamleta mjini kwenye nyumba ya vigae, kisha tukashangaa kwamba sahani inarudi jikoni imejaa? Tunasema amekuwa mkaidi, ilhali hatujamuuliza amezoea kula nini, saa ngapi, na pamoja na nani.

Tunazisikia pingamizi mbili. Ya kwanza yasema nyoka ni adui wa mwanadamu tangu mwanzo, na kumtunza ni kama kumtunza shetani. Hofu hiyo hatuidharau. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na wapo wanaparokia wetu waliowazika wapendwa wao. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka madhara ya kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa, na koboko au kifutu si wa kufanyiwa mzaha. Kwa sababu hiyo hiyo twawasihi: msimshike nyoka msiyemjua kwa kudhani ni huyu asiye na sumu, kwani kufanana kwao ndiko kunakodanganya. Lakini kumwogopa ni jambo moja, na kumfanya mwenye hatia ni jambo jingine. Kiumbe hana dhambi. Katekisimu ya Kanisa, katika vifungu vinavyofuata kile cha 2415, yafundisha kwamba wanyama ni viumbe wa Mungu, kwamba tunawiwa kuwatendea kwa wema, na kwamba kuwatesa bure kunaushusha utu wetu sisi wenyewe. Baba Mtakatifu Fransisko alilirudia fundisho hilo katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015. Wala hakuna aliyeandika kwamba fundisho hilo ni kwa ajili ya wanyama wenye manyoya tu.

Pingamizi la pili yasema: watu wana njaa, nanyi mnahangaikia mayai ya nyoka? Pingamizi hili ni zito, nasi hatutalikwepa. Ndiyo, yai la mtoto latangulia yai la nyoka. Lakini tazameni linatupeleka wapi: linatuambia tusimfunge kiumbe huyo tangu mwanzo. Akiwa huru hahitaji senti yetu hata moja. Sisi ndio tuliomwondoa mezani pake, tukajitwika deni la kumlisha. Mtu hawezi kujitwika deni kwa hiari yake, kisha akataja umaskini wa jirani ili asililipe.

Tena, deni hilo hulipwa kwa mali ya nani? Anayetaka mayai madogo na hana kware atawatuma watoto wapande miti na kubomoa viota. Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, ilimruhusu mtu aliyekuta kiota kuchukua kilichomo, ila ikamwamuru amwachie mama aende zake. Yaani hata pale tunaporuhusiwa kuchukua, upo mpaka. Nyoka porini huchukua kwa kipimo cha tumbo lake, kisha hufunga miezi. Mtoto mwenye ngazi na kikapu hana kipimo hicho.

Serikali nazo zimeliona jambo hili. Hapa Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kumkamata mnyamapori bila kibali, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2013. Mwaka 2016 Serikali yetu ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi, biashara ambayo kwa miaka mingi iliwapeleka vinyonga na nyoka wetu mbali sana, kwa watu ambao wengi wao hawakujua wanakula nini. Lakini sheria haiingii katika kila ndoo iliyofunikwa uani. Humo huingia dhamiri peke yake.

Basi ushauri wetu ni huu. Vijana wampelekee taarifa afisa wanyamapori wa wilaya, na kwa kibali chake nyoka arudishwe alikotolewa. Si msitu wa mbali tunaoudhania mzuri, bali pale pale anapopajua, jioni, mbali kidogo na nyumba, na ikiwezekana wakati wa mvua, ndege wanapofuma viota. Akiwa amedhoofika mno, kwanza atibiwe na aonyeshwe yai linalomfaa. Anayependa kujifunza habari za nyoka aende kwa wenye ujuzi, kama Meserani karibu na Arusha, au Bio-Ken kule Watamu, kituo alichokianzisha James Ashe mwaka 1980. Huko atawatazama na kuuliza maswali bila kumnyima mtu wala mnyama riziki yake.

Na kwa wazee wetu twasema: vijana walioona nyoka wakaweka chini fimbo, msiwacheke. Wamekwisha kufanya lililo gumu zaidi. Limebaki lile la pili, kuuliza kabla ya kufunga mlango: wewe unakula nini, nami ninacho?

Tunawatakia Dominika njema. Bwana awe nanyi.