Bunia: Msihesabu mbuzi, hesabuni siku 150

BUNIA – Kila mradi wa mifugo unapofika kwenye kambi za waliohama makwao, picha ni ile ile. Mama ameshika kamba, mbuzi jike amesimama mbele yake, mtu wa shirika yuko kando na karatasi ya kutia saini. Picha inapigwa, mbuzi anahesabiwa, ripoti inaandikwa. Kisha gari linageuka na kurudi mjini. Mbuzi anabaki na mimba tumboni, au atashika mimba muda si mrefu. Hapo ndipo kazi yenyewe inaanza, na hapo ndipo wakubwa wanaondoka.

Mtindo huu lazima ukome. Mbuzi aliyegawiwa si msaada bado. Ni ahadi tu. Msaada unakuwa msaada siku mbuzi huyo anapozaa salama mara ya kwanza, mtoto wake anaponyonya, na kikombe cha maziwa kinapobaki kwa watoto wa nyumba. Kati ya ahadi na kikombe kuna siku 150 hivi za mimba. Anayetoa mbuzi bila kufikiri juu ya siku hizo ametoa kamba tu.

Tangu Desemba 2017, vita vya Djugu vimewatoa watu vijijini wimbi baada ya wimbi. Utawala wa kijeshi ulianza Ituri tarehe 6 Mei 2021, na kambi hazikuisha. Kuna familia zilizofika Bunia na watoto wa mgongoni, na leo watoto hao wanasoma. Wengi wa wazazi hao walikuwa na mifugo. Ng'ombe waliibwa, mbuzi walichinjwa njiani, zizi likachomwa. Kwa watu kama hao mbuzi mmoja si jambo dogo, ni mwanzo wa kurudi kuwa mtu mwenye kitu. Ndiyo maana mbuzi huyo akifa na mtoto tumboni, hasara haipimwi kwa kilo za nyama. Familia imenyang'anywa mara ya pili, na safari hii hakuna mwenye bunduki wa kulaumiwa.

Mbuzi wa mimba ya kwanza ana mzigo kuliko mbuzi mzee. Mwili wake mwenyewe bado unakua, na hapo hapo unajenga mwili mwingine. Miezi mitatu ya kwanza mtoto tumboni anakua polepole, na mwenye mbuzi anaweza kudhani hakuna lolote. Lakini katika wiki sita hadi nane za mwisho mtoto anapata sehemu kubwa ya uzito wake wote, na kiwele nacho kinaanza kutengenezwa. Wakati huo huo tumbo la chakula linabanwa na mtoto, hivyo mama hawezi kula mengi kwa mara moja. Akipewa majani makavu tu, mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake wenyewe ili kulisha mimba. Mafuta yakiyeyuka kupita kiasi, damu inachafuka: mbuzi anakataa kula, anazubaa, anashindwa kusimama, anakufa siku chache kabla ya kuzaa. Hatari ni kubwa zaidi akiwa na mapacha. Watu wanasema amelogwa au amepewa sumu na jirani. Mara nyingi ni njaa, na jirani anachukiwa bure.

Wapo wanaojibu kwamba babu zetu hawakumhesabia mbuzi siku, na mbuzi walizaa. Ni kweli. Lakini mbuzi wa babu alitembea mlimani kutwa nzima. Alichagua mwenyewe: jani hili, gome lile, ua la mti fulani. Alikunywa mtoni na kulala zizini pamoja na wenzake. Mbuzi wa kambini amefungwa kwenye kigingi, kamba yake ni hatua tatu, na ndani ya hatua hizo tatu ardhi imekwisha kuwa vumbi. Kumwambia mbuzi huyo ajitafutie kama wa zamani ni kumfunga mtu mikono na kumwambia alime.

Wengine wanauliza kwa hasira: watu wenyewe wana njaa, nani atazungumza juu ya chakula cha mbuzi? Swali hili lina haki yake, na jibu lake ni gumu kwa wagawaji kuliko kwa mama wa kambini. Kama familia haina cha kulisha mbuzi kwa miezi mitano, kwa nini ilipewa mbuzi? Aliyepanga mradi alijua kwamba kambi haina malisho. Alijua pia kwamba mwanamke anayetoka kambini kwenda kukata majani mbali anaweza kukutana na wenye silaha. Kumpa mbuzi bila kumwonyesha majani yatatoka wapi ni kumtuma kwenye hatari hiyo kila asubuhi.

Na majani yanaweza kupatikana karibu. Matembele, yaani majani ya viazi vitamu, mbuzi anayapenda sana, na viazi vinabaki kwa watu. Maganda ya ndizi yanatupwa sokoni kila jioni. Maganda ya muhogo nayo ni chakula, mradi yaanikwe juani siku mbili tatu, kwa sababu mabichi ya muhogo mchungu yana sumu inayoua. Matete yanaweza kupandwa kando ya mitaro, miti ya lusena na kaliandra kwenye mipaka ya viwanja. Pumba ya mahindi, konzi mbili kwa siku katika wiki za mwisho, ikiongezwa kidogo kidogo, inaokoa mama na mtoto. Chumvi kidogo na maji safi asubuhi na jioni. Hakuna hata kimoja hapo kinachotoka Ulaya. Kinachokosekana ni mtu wa kuandika kwenye bajeti: pumba, mbegu, ndoo.

Ubaya mwingine uko kwenye mikataba ya kupitisha mbuzi. Familia inapewa jike, na inatakiwa kutoa mtoto jike wa kwanza kwa familia nyingine. Wazo ni zuri, na limefanya kazi mahali pengi Afrika Mashariki. Tanzania wana msemo wao wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Lakini pale mradi wenyewe unapokuwa wa mwaka mmoja, kila mtu anakuwa na haraka. Mbuzi anapandwa akiwa na miezi mitano au sita, mifupa ya nyonga bado myembamba, ili deni lilipwe kabla shirika halijafunga ofisi. Jike alipaswa kungojewa mpaka afikishe angalau theluthi mbili za uzito wa mbuzi mzima wa aina yake. Kambini madume wanazunguka ovyo, na hakuna anayengoja chochote. Matokeo yake mtoto anakwama njiani, na mama anakufa naye. Halafu karatasi inabaki kusema kwamba familia ina deni.

Kwa mbuzi wa maziwa wenye damu ya kizungu, kama Alpine, Saanen au Toggenburg, jambo ni zito zaidi. Wanatoa maziwa mengi kuliko mbuzi wa kienyeji, lakini wanadai chakula na banda kwa kiasi hicho hicho. Huko Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, Tanzania, mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway waliwafikia wakulima kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine tangu miaka ya 1980. Huko Meru, Kenya, wafugaji waliunda chama chao cha kuzalisha machotara wa Toggenburg. Kote kuwili kazi ilichukua miaka, sio miezi. Anayeleta damu hiyo Bunia na kuifunga chini ya bashi iliyopasuka wakati wa mvua analeta homa ya mapafu.

Serikali ya jimbo nayo haiwezi kukaa pembeni na kunyooshea mashirika kidole. Kukagua mifugo inayoingia kambini ni kazi yake. Mbuzi wanaonunuliwa kwenye masoko mbalimbali wanachanganywa kwenye gari moja na kugawiwa siku hiyo hiyo, bila kutengwa hata wiki mbili. Tauni ya mbuzi na kondoo, ambayo dunia nzima imejiwekea lengo la kuimaliza ifikapo 2030, inapita hivyo hivyo, na mbuzi mwenye mimba akiipata anaweza kuharibu mimba. Chanjo yake ipo, na mbuzi mmoja mgonjwa anatosha kumaliza kazi ya mradi mzima. Dawa ya minyoo pia inatolewa kama pipi: albendazoli katika mwezi wa kwanza wa mimba inaweza kumdhuru mtoto tumboni, lakini nani aliuliza mbuzi amepandwa lini?

Hapo ndipo inaonekana thamani ya kuhesabu siku. Jike aliyepandwa mwanzo wa Septemba atazaa mwishoni mwa Januari, na wiki zake za mwisho zote zitaangukia kiangazi, majani yamekauka. Aliyepandwa katikati ya Novemba atazaa katikati ya Aprili, mvua imekwisha kurudi. Tofauti hiyo haigharimu hata faranga moja. Inahitaji tu dume afungwe, na tarehe iandikwe ukutani kwa mkaa.

Siku yenyewe ikifika, kiwele kinajaa, mishipa kando ya mkia inalegea, mbuzi anajitenga na kukwaruza chini. Apewe mahali pakavu pasipo na upepo. Akisukuma kwa nguvu nusu saa hadi saa nzima bila kitu kuonekana, aitwe mjuzi. Kuvuta ovyo kwa mikono michafu kunaua. Mtoto akitoka, kitovu kipakwe iyodini, na ndani ya saa ya kwanza anyonye yale maziwa mazito ya manjano, dang'a, ambayo wengine wanayamwaga wakisema ni machafu. Hiyo ndiyo chanjo yake ya kwanza. Kondo la nyuma lisipotoka kwa saa 12, mganga wa mifugo aitwe. Mimba ikiharibika, uchafu wake usishikwe kwa mikono mitupu, hasa na wanawake wajawazito, na maziwa yote ya nyumba yachemshwe kabla ya kunywewa.

Maarifa haya hayahitaji semina ya siku moja katika ukumbi wa mjini, na soda na pesa ya usafiri. Yako tayari kambini. Ndani ya mahema ya Bunia kuna wazee na akina mama waliozalisha mamia ya mbuzi na ng'ombe kabla vita havijawatoa. Wanaketi kutwa nzima wakiambiwa ni watu wa kuhudumiwa. Wachaguliwe kumi katika kila kambi, wapewe iyodini, sabuni, kamba safi na simu ya mganga wa mifugo, walipwe posho ndogo. Watafanya kazi kuliko mgeni anayepita mara moja kwa miezi mitatu.

Basi madai yako wazi. Mradi wowote wa mbuzi uwe na pumba, banda lililoinuliwa kutoka chini na mganga wa mifugo mpaka uzazi wa kwanza upite. Jike asipandwe kabla ya kukomaa. Deni la mtoto wa kwanza lingoje uzazi wa pili, na mama akifa kwa uzazi bila uzembe wa familia, deni lifutwe. Mbuzi wenye mimba wasinunuliwe kwa bei ya kutupa ili wachinjwe. Wakaguzi wa machinjio wawarudishe. Na ripoti ya mwisho isitaje mbuzi wangapi waligawiwa, bali wangapi wamezaa, watoto wangapi wako hai, na nyumba ngapi zinakunywa maziwa.

Kama pesa haitoshi kwa hayo yote, wagawiwe mbuzi 50 badala ya 100. Familia 50 zenye maziwa ni bora kuliko picha 100 za mama ameshika kamba.